Shukrani kwa Bwana Mazin

Riyadh,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Kwa binti yangu mpendwa Selipher,

Pokea salamu za mzazi anayekukumbuka asubuhi anapofunga vifungo vya shati na jioni anapovifungua. Pokea pia salamu za Bwana Ghalib, ambaye macho yake sasa hayaoni hata mwanga wa dirisha, na za mjukuu wake Bi Mwanamize, aliyeniagiza nikuambie kwamba kile kitambaa ulichomfumia kimekaa juu ya meza ya wageni na hakuna anayeruhusiwa kuweka kikombe juu yake.

Kabla sijaendelea, naomba radhi. Barua yako ya tarehe 11 Aprili ilinifikia baada ya siku sita, nami nimekaa nayo wiki tatu bila kuijibu. Sina udhuru wa maana. Bwana Ghalib aliugua kifua, nami nilikuwa nikiketi naye. Lakini mtu anayeketi na mgonjwa ana mikono miwili, na mmojawapo ungeweza kushika kalamu. Nisamehe.

Habari yako nimeisoma mara nne. Kwamba Bwana Mazin na Madam Hana wanakwenda Ugiriki mwezi wa saba, kwenye kisiwa kidogo, kwa mapumziko ya wiki nne, na kwamba watakuchukua ili uwatunze watoto! Nilipofika mahali hapo nilivua miwani nikaifuta, nikarudi mwanzo. Shuleni kwetu misheni, mwalimu wa dini alituchoresha ramani ya safari za mtume Paulo. Visiwa vya Wagiriki vilikuwa vingi na vidogo, hata baadhi yetu tulitikisa kalamu tu juu ya karatasi, tukaacha matone ya wino yawe visiwa. Nilichapwa fimbo mbili kwa ajili ya matone yale. Sasa mtoto wangu anakwenda kulala katika mojawapo. Ningependa mwalimu yule awe hai aambiwe.

Barua yako nilimsomea Bwana Ghalib baada ya chai, kama ilivyo kazi yangu. Aliondoka Unguja akiwa kijana mwaka 1964, na miaka hii yote hajapoteza hamu ya kusikia Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ewe Samuel, Kiswahili chako wewe kimevaa tai. Binti yako anaandika kama mtu. Mwambie akaioge bahari ile kwa niaba yangu."

Nina maswali machache, nawe usiyajibu ikiwa yanakuletea udhia. Je, utapewa hata siku moja ya kupumzika huko? Watoto wanajua kuogelea? Nauliza kwa sababu wewe hujui. Na ombi lako la kurudi nyumbani limefikia wapi? Mkataba wako ulikuwa wa miaka miwili, na huu ni wa nne. Stacy ametimiza miaka saba. Shangazi yako Sellah, anayemlea, aliniambia kwa simu kwamba mtoto akizungumza na wenzake hukuita "Mama wa simu". Nilikusudia kukuficha jambo hilo, kisha nikaona si haki. Samahani ikiwa nimekosea kuliandika.

Najua Madam hukaa na simu yako wiki nzima, na Ijumaa hukupa kwa saa moja huku ameketi karibu. Ndiyo maana tunaandikiana kwa karatasi kama watu wa zamani. Silalamiki, kwa kuwa mimi ni mtu wa zamani.

Barua hii ataichukua Victor, yule kijana wetu anayeendesha lori la maziwa kati ya Riyadh na Jeddah. Ataikabidhi kwa Julius, dereva wa nyumba yenu, kama kawaida.

Mimi baba yako,
Samuel Ragot


Jeddah, Al-Rawdah,
Jumapili, 25 Mei 2025

Baba,

Barua yako Julius alinipa ndani ya mfuko wa mkate, nikaisoma stoo nimekalia gunia la mchele. Usiombe radhi kwa wiki tatu. Hapa wiki tatu ni siku moja tu iliyofuliwa mara ishirini na moja.

Sasa kisiwa. Jina lake madam hulitamka kwa namna tatu, na zote tatu zinamuudhi. Ameweka picha kwenye friji. Nyumba ni nyeupe kama zimepakwa unga, milango ya buluu, na hakuna gari hata moja. Mizigo inabebwa na punda. Nilimwonyesha Julius, akasema, "Sasa huko mimi nitaendesha nini, punda?" Nikamwambia, "Kwani nani amesema unaenda?" Alinuna mpaka saa ya kuchukua watoto shule. Juu ya kilima kuna kanisa dogo, sidhani watu kumi wanaenea ndani, na kengele inaning'inia nje. Baba, miaka minne sijasikia kengele.

Watoto wamenunuliwa nguo za kuogelea. Mimi nimepewa abaya mpya ya kijivu, ati ile nyeusi itaharibu picha. Yule mdogo wa miaka mitatu ameshanipangia kazi: yeye ataogelea, mimi nitashika taulo. Kwa hivyo ukiulizwa binti yako anafanya nini Ulaya, sema anashika taulo. Na usiogope, kuogelea wanajua wote, hata huyo mdogo kunishinda.

Jumanne bosi alinipeleka ofisi ya viza. Ndani ya gari akanipa pasipoti yangu nimshikie, kwa sababu yeye alikuwa kwa simu. Kutoka nyumbani hadi ofisini ni kama dakika ishirini. Nikaifungua, nikajiona. Huyo msichana alikuwa na mashavu! Nikaishika na mikono miwili, vile mtu anashika kuku anayeweza kuruka. Tuliporudi akasema, "Yalla, Selipher," nikamrudishia. Imeingia kwenye sefu yake tena.

Umeuliza ruhusa yangu. Niliomba kabla ya Ramadhani, bosi akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaisha, akasema baada ya Idi kubwa. Hakatai, Baba. Hajawahi kukataa hata siku moja. Anasema kwa upole, na madam anaongeza, "Selipher, wewe ni mtu wa nyumba hii."

Hiyo ya "Mama wa simu", ni vizuri uliniandikia. Nililia kidogo hapo stoo, halafu nikapika.

Lakini wewe usiwe na wasiwasi. Baada ya kisiwa nitamwona Stacy. Mwezi wa saba hautaisha kabla sijamwona. Usiniulize zaidi kwa barua. Niombee tu safari, mengine utayasikia nikiwa nyumbani.

Msalimie Bwana Ghalib. Mwambie bahari nitamwogea, hata kama ni miguu peke yake.

Hii anaondoka nayo Julius akipeleka watoto shule. Victor atamngoja kwenye kituo cha petroli.

Mtoto wako,
Selipher


Riyadh,
Jumanne, 10 Juni 2025

Kwa Mheshimiwa Bwana Mazin na Mheshimiwa Madam Hana,
Al-Rawdah, Jeddah

(Imeandikwa kwa Kiswahili na Samuel Ragot, imetiwa Kiarabu na Bwana Ghalib, kwa mkono wa mjukuu wake Mwanamize.)

Waheshimiwa,

Amani iwe juu yenu na juu ya watoto wenu. Nawapa mkono wa Idi, na naomba radhi kwamba umechelewa kwa siku nne.

Mimi ni mzee msiyenijua, baba wa Selipher, mjane wa miaka kumi na moja, na karani wa Bwana Ghalib hapa Riyadh. Nililelewa katika shule ya misheni, ambako tulifundishwa kwamba mtoto anapochukuliwa safarini na watu wengine, mzazi wake huandika barua ya shukrani kabla ya safari, si baada yake, ili wenyeji wajue kwamba mtoto ana mtu. Binti yangu amekaa kwenu miaka minne nami sijawahi kuwaandikia. Naona haya.

Nimepata habari kwamba mnampeleka Ugiriki. Zaidi ya hayo, nimefahamu kutokana na barua yake kwamba mapumziko yakiisha mtamruhusu aende nyumbani kutoka huko huko, akamwone mtoto wake kabla mwezi wa saba haujaisha. Hakunieleza kwa urefu, kwa maana si mtu wa kutangaza fadhila aliyotendewa. Lakini nimeelewa, na siwezi kunyamaza. Alimwacha mtoto akiwa na miaka mitatu, sasa ana saba. Mmetenda jambo ambalo makafili wengi walioajiri mabinti wetu hawalitendi, na mimi nimelia kwa furaha mbele ya Bwana Ghalib, ambaye hakuniona lakini alinisikia.

Ikiwa kuna karatasi ya mzazi kutia sahihi, niko tayari. Ikiwa kazi yake ina kasoro, mlaumuni aliyemlea, ambaye ni mimi, kwa kuwa mama yake alikuwa fundi wa kila kitu.

Bwana Ghalib ameongeza dua tatu hapa chini ambazo mimi nisingejua kuzisema.

Barua hii itachukuliwa na Victor, dereva wa lori, na kutiwa mkononi mwenu na Julius, dereva wenu mwenyewe, ambaye namshukuru pia mbele yenu kwa uaminifu wake wa kutubebea barua zetu miaka yote hii.

Wenu mnyenyekevu,
Samuel Ragot


Jeddah, Al-Safa,
Alhamisi, 3 Julai 2025

Baba,

Niko Al-Safa, nyumba ya mama yake madam. Wao waliondoka juzi kwenda kisiwani. Dada yake madam amejiunga nao, amekuja na msichana wake wa kazi, ndiye atakayeshika taulo.

Barua yako ilifika wakimaliza chakula cha mchana. Bosi aliisoma yote kimya, kisha akamsomea madam kwa sauti. Walipofika kwenye dua madam akasema amin. Halafu nikaitwa. Baba, hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema, "Selipher, baba yako ni mtu mwenye adabu sana."

Nikasema shukran.

"Anatushukuru kwa kukuruhusu uende nyumbani kutoka Ugiriki. Tulikuruhusu lini?"

Nilikuwa nimebeba sahani ya mifupa. Nikaangalia mifupa. Madam akasema labda mzee amechanganyikiwa. Bosi akamjibu, "Huyu? Angalia anavyoandika. Huyu hajachanganyikiwa hata kidogo." Kisha akaniambia halas, toa vyombo.

Baadaye akamwita Julius. Hakumpigia kelele pia. Siku ya tatu Julius alikuwa ndani ya ndege. Amerudi nyumbani, Baba, yeye ambaye hakutaka kurudi, bado alikuwa anajenga.

Sasa nikuambie kile sikukuambia. Unamkumbuka Risper, niliyekuja naye huku? Siku hizi yuko Athens, anamtunza mzee mmoja. Ndiye aliyenifundisha, Ijumaa kwa simu, kwa lugha yetu ambayo madam haielewi. Hoteli za huko zinapokea pasipoti za wageni na kuziweka pale mapokezi. Risper alisema nikiomba yangu watanipa, kwa sababu ni yangu. Meli inatoka kisiwani kila asubuhi. Yeye angenipokea bandarini, na tiketi yangu ya Nairobi alikuwa nayo tayari, ya tarehe 14 mwezi huu. Sikuwa naenda kuiba kitu. Nilikuwa naenda kuchukua uso wangu.

Sikukuandikia kwa sababu barua zetu zinapita mikononi mwa watu, na kwa sababu wewe huwezi kudanganya. Bwana Ghalib angekuuliza tu, "Samuel, mbona uko kimya?" na ungemwambia yote. Nilitaka usibebe mzigo. Kumbe nilikuachia nafasi tupu, na wewe ukaijaza na wema wao.

Sikulaumu. Nimeandika hivyo mara mbili kwenye karatasi nyingine nikachana, kwa sababu ilionekana kama nakulaumu.

Shangazi Sellah alikuwa amemwambia Stacy kwamba nakuja. Sijui sasa amwambie nini. Tafadhali mpigie wewe.

Hii nampa Maryann, msichana wa nyumba ya jirani. Yeye anatumwa dukani, mimi situmwi. Victor atapita hapo dukani kushusha maziwa.

Selipher


Riyadh,
Jumatatu, 21 Julai 2025

Kwa binti yangu Selipher,

Sijui kama bado ninastahili kuanza kwa salamu, lakini nakusalimu.

Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimesimama. Bwana Ghalib akauliza mbona sisomi kwa sauti. Nikamwambia wino umefifia. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika nyumba hii, nao ulitoka kwa urahisi ulionishangaza. Laiti ningalijifunza mapema.

Nilimpigia Sellah. Amemwambia Stacy kwamba meli yako imechelewa. Mtoto akauliza itafika saa ngapi.

Kisha nikaenda kwenye ofisi ya serikali yetu. Kijana mmoja mpole alinisikiliza, akanieleza kwamba mwenye shauri lazima afike mwenyewe. Baba hawezi kutia sahihi kwa niaba ya mwanamke mtu mzima. Nikamshukuru. Ndipo Bwana Ghalib akaniandikia barua ya kunitambulisha kwa mama yake Madam, nami nikapanda basi kuja Jeddah.

Uliniona Alhamisi ile, lakini uliona nusu tu. Nusu nyingine nakuandikia hapa, kwa kuwa ni haki yako kuijua.

Ndani ya basi, kwa saa kumi na mbili, nilipanga maneno yangu kwa Kiarabu: kwamba mkataba umekwisha, kwamba mtoto anangoja, kwamba naomba binti yangu apewe pasipoti yake na ruhusa ya kuondoka. Niliyarudia hadi abiria wa jirani akahama kiti. Ndugu yake Madam alinipokea vizuri. Akanikalisha mahali pa heshima, akaleta tende. Bibi, mama yake Madam, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na mlango. Nikafungua mdomo.

Bibi akanitangulia. Akasema, "Wewe ndiye baba wa Selipher. Kabla hajaja nilikuwa na vidonda mgongoni. Binti yako ananigeuza kitandani kwa mikono laini kuliko ya watoto wangu." Mwanawe akatazama chini. Kisha yule mama, mgonjwa, anayenizidi umri, akaniomba radhi. Alisema anajua una mtoto, anajua anakuzuia, nimsamehe, nimvumilie hadi Ramadhani ijayo.

Nami nikamwambia asijali.

Selipher, nikamwambia asijali! Maneno yalitoka kabla sijayazuia. Mtu akiombwa radhi na mgonjwa hujibu hivyo. Nimejibu hivyo maisha yangu yote. Yale ya ndani ya basi hayakupata tena mahali pa kuingilia.

Hapo ndipo ulipoingia na birika la kahawa. Ulinimiminia, nikasema shukran, kama ninavyomwambia mtu baki. Ndugu yake Madam akasema, "Mwangalie, ana afya." Sikuweza kukutazama ukinihudumia mbele yao, kwa hiyo kikombe kilipokwisha nilikitikisa, kama desturi yao ilivyo, kuonyesha kwamba imetosha. Nawe ukaondoka, mlango ukafungwa. Nimeishi nchi hii miaka tisa na desturi hiyo naijua vizuri: kikombe kikitikiswa, mwenye birika hana sababu ya kubaki. Ningaliweza kunywa vikombe kumi. Ungalisimama karibu yangu kwa vikombe kumi.

Naomba radhi kwa barua ya mwezi wa sita. Naomba radhi kwa Julius, ambaye nilimtaja kwa sababu nilifundishwa kumshukuru mbeba barua. Naomba radhi kwa kikombe.

Hii anakuja nayo Victor, na ataiacha kwa Maryann dukani. Sitawataja popote pengine.

Baba yako,
Samuel Ragot


Jeddah, Al-Safa,
Jumapili, 10 Agosti 2025

Baba,

Kuhusu kikombe: nilikuwa nakimimina robo tu, ili kiishe haraka niongeze. Nilikuwa nimehesabu nitaongeza mara nyingi. Ukakitikisa. Nikaenda jikoni nikacheka, Baba, kweli nilicheka, mpaka Maryann akanisikia kupitia dirisha akauliza kuna sherehe gani.

Wamerudi. Madam alileta nguo zote hapa nizifue, kwa sababu kwake hajapata msichana mwingine. Masanduku manne. Mifuko ya kaptura za watoto imejaa mchanga mweusi, sio kama wa hapa, na vijiwe, na ganda la konokono wa bahari. Niliviosha kwenye beseni, na mchanga ukabaki chini, kama vijiko vitatu hivi. Nikauweka mguu ndani. Mwambie Bwana Ghalib nimemwogea.

Madam amenipa sabuni ya zeituni, na akanionyesha picha zote, moja moja, kwa upole kabisa. "Hapa ndipo ungelala, Selipher." Chumba kilikuwa na dirisha. Yule mdogo akaniambia kengele ya kanisa ilikuwa inamwamsha, akaifanya kwa mdomo: ndeng, ndeng. Nikamwambia afanye tena.

Sasa nisikilize, na usiombe radhi, jibu tu.

Jumatano, tarehe 3 Septemba, bibi ana miadi kliniki. Ndugu yake madam yuko safarini, kwa hivyo tutaenda mimi, bibi na dereva wa kukodi. Nitakuwa nje ya geti kwa mara ya kwanza tangu nije hapa. Ofisi ya watu wetu hapa Jeddah haiko mbali na hiyo kliniki, Maryann amenichorea njia. Kama yule kijana mpole alivyokuambia, lazima nifike mwenyewe. Basi ningefika mwenyewe.

Lakini nikiondoka, bosi ataandika kwamba nimetoroka, na ikama yangu, hicho kibali cha kukaa, itakufa siku hiyo hiyo. Naweza kuwekwa ndani, naweza kukaa miezi nikingojea karatasi. Nisipoondoka, ni Ramadhani, halafu baada ya Ramadhani, halafu unajua. Na bibi nitakuwa nimemwacha kwenye kiti katikati ya kliniki, na yeye peke yake ndiye aliyewahi kuniomba msamaha katika nchi hii.

Nimegeuza jambo hili mpaka limechakaa. Sitaki tena kuchagua. Wewe ni baba yangu. Ukisema nenda, nitaenda. Ukisema kaa, nitakaa na sitanung'unika. Ila nataka neno lako, liwe limeandikwa na mkono wako, kabla ya tarehe 3. Bila neno lako nitasimama tu hapo kliniki kama mti wa kutundikia nguo.

Victor anasema hii ndiyo safari yake ya mwisho barabara hii, wanampeleka njia ya Dammam. Anaondoka nayo leo. Tafuta mtu mwingine wa kuniletea jibu. Yeyote.

Selipher


Riyadh,
Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kwa binti yangu mpendwa Selipher,

Salamu nyingi zikufikie wewe, na bibi, na watu wote wa nyumba hiyo. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Nimekuwa nikitafuta mtu wa kukuletea barua, nimeuliza kila mahali ambapo mtu huweza kuuliza, na sikumpata hadi leo.

Leo tumepata mgeni wa heshima. Bwana Mazin amekuja Riyadh kwa shughuli zake, akaona si vyema kupita bila kunijulia hali, kwa kuwa anasema hajapata kuandikiwa barua kama ile niliyomwandikia mwezi wa sita. Ametuletea mafuta kutoka kisiwani. Bwana Ghalib ameyanusa na kuyasifu. Bwana Mazin anasema kisiwa kilikuwa kizuri ila upepo ulikuwa mwingi, na kwamba watoto walikutaja kila siku. Ameuliza habari za Stacy. Nimemwambia hajambo.

Nilipomwambia kwamba sijakuandikia siku nyingi, amejitolea mwenyewe kuchukua barua yangu, na akaomba niiandike sasa hivi, kwa kuwa ndege yake ni ya saa kumi. Bi Mwanamize amesimama nyuma ya kiti changu. Nikimaliza atamsomea Bwana Mazin yote kwa Kiarabu kabla bahasha haijafungwa, kwa maana mgeni wetu anapenda kusikia jinsi watu wa elimu ya zamani wanavyowaandikia watoto wao.

Kwa hiyo sina mengi. Mimi ni mzima. Shangazi yako ni mzima. Huku joto limeanza kupungua.

Bwana Mazin ameniomba nikuandikie kwamba ukae kwa utulivu. Nimeandika.

Ameniuliza kama sina neno langu mwenyewe la kuongeza hapo. Nimeiweka kalamu juu ya karatasi muda mrefu, mpaka chai ya mgeni imepoa na Bi Mwanamize ameniwekea mkono begani. Nimemjibu kwamba kwa leo imetosha.

Barua hii itachukuliwa na Bwana Mazin, ambaye amekwisha kusimama, nami namshukuru.

Mimi baba yako,
Samuel Ragot